Metali Nane Juu ya Bati

Metali nane za konrodi, vile vipande vyembamba vinavyokaa kati ya kranki na mikono ya pistoni, zilikuwa zimepangwa juu ya kipande cha bati, chini ya mwembe, nyuma ya gereji moja maeneo ya Ipuli, Tabora. Kila moja ilikuwa na namba yake, imeandikwa mgongoni kwa kalamu ya wino mzito. Bloku ya injini, EJ20 ya tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) iliyotoka kwenye Subaru Impreza, ilikuwa imepasuliwa nusu mbili, kila nusu imelazwa juu ya tairi bovu. Kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa juu ya gunia, inang'aa kama kijiko.

Fundi aliokota metali moja, akaifuta kwa kidole gumba, akaigeuza kwenye mwanga. Kijivu, laini, haina hata mkwaruzo.

Zote nane zilikuwa nzima.

"Sasa fundi, kilichokuwa kinagonga ni nini?" kijana mwenye gari akauliza.

"Lakini ilikuwa inagonga, ndugu yangu. Hata wewe uliisikia."

Pembeni alikuwa amekaa mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori ya tumbaku. Alikuwa kimya muda wote. "Wanangu," akasema, "kabla ya kuishusha, mlikanyaga klachi mkasikiliza?"

Hakuna aliyekanyaga.

Wiki kadhaa zimepita na zile metali bado ziko machoni pangu. Fundi yule anajua kazi, na alipanga vitu vyake kwa utaratibu ambao gereji nyingi hazina. Kosa lilitokea mapema zaidi, kwenye swali ambalo kila mtu aliliuliza.

## "Inatoka wapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza la kila anayefungua boneti. Kwa injini ya kawaida linaweza kukufikisha. Kwa gari lililoongezwa nguvu linapoteza, kwa sababu chuma husafirisha sauti. Mgongano uliotokea kwenye gia unaweza kusikika kama umetokea kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mtu akishafunga maunti ngumu za kushikilia injini, zile za poliyurethani, bodi lote linageuka ngoma: sauti ambayo raba laini ingeimeza inakuja mpaka kwenye kiti cha dereva.

Sikio hudanganyika kuhusu mahali. Kuhusu wakati, ni vigumu kulidanganya.

Kwa hiyo swali ninalolipigania ni hili: inapiga lini? Asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya dakika 20 barabarani? Ukikanyaga mafuta, au ukiyaachia? Gari likiwa limesimama, au likipanda mlima? Klachi ikiwa juu, au chini?

Klachi ni kipimo cha sekunde 3. Ovaholi ya EJ, familia ya injini hiyo ya Subaru, ni kazi ya siku nyingi, na kwa sababu injini hii pistoni zake zimelala ubavuni, hufiki kwenye metali kwa kufungua sampu tu kama kwenye injini ya kusimama. Lazima uishushe na upasue bloku.

## Mlio una hesabu yake

Kranki ikizunguka mara 2, kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka mara 1. Humo ndimo utambuzi wote ulipo.

Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 800 kwa dakika, kitu kinachofuata kranki hupiga kila baada ya milisekunde 75. Kinachofuata kamshafti, kama valvu au tapeti, hupiga kila baada ya milisekunde 150. Kitu kinachozungushwa na mkanda wa altaneta kina mwendo wake, hakilingani na namba yoyote kati ya hizo.

Milio 13 kwa sekunde hakuna anayeweza kuihesabu kwa sikio. Simu inaweza. Rekodi sauti, ifungue kwenye programu yoyote ya bure inayoonyesha mawimbi ya sauti, pima umbali kati ya kilele na kilele.

Ila usirekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ujumbe wa aina hiyo hubanwa uwe mwepesi, na simu nyingi huchuja kelele ili maneno yasikike vizuri. Kelele inayochujwa ndiyo uliyoitaka. Tumia kinasa sauti cha simu, kisha tuma faili kama dokumenti. Anza kurekodi kabla ya kuwasha. Shika simu sentimita 30 kutoka kwenye injini, mbali na feni, na utaje kwa mdomo mizunguko inayosomeka na joto lilipofika. Anayekuja kusikiliza baadaye hana njia nyingine ya kujua.

Kama fundi anataka kuisikia injini ikiwa baridi, gari lilale gereji. Ukiliendesha mpaka kwake asubuhi, mlio wa baridi umekwisha njiani.

## Orodha ya vilivyobadilishwa

Kila kifaa unachoongeza huleta mlio mpya, na kinaweza kuuficha wa zamani.

Hili la pili ndilo lililomponza kijana wa Ipuli. Miezi kabla ya hapo alifunga flaiwili nyepesi (gurudumu la chuma linalokaa mwisho wa kranki, upande wa klachi), karibu nusu ya uzito wa ile ya kiwandani. Wakati huo gari lilikuwa na bomba la moshi la kelele sana, hakuna aliyesikia kitu. Baadaye akafunga bomba lenye mafla ya kutuliza. Siku hiyo hiyo "mlio mpya" ukaanza.

Mlio haukuwa mpya. Ulikuwepo tangu flaiwili, ila bomba lilikuwa limeufunika.

Ndiyo maana ninamsihi kila mwenye gari la namna hii aandike kwenye daftari: tarehe, kilomita, kifaa, nani alifunga. Fundi akikuuliza "ulibadilisha nini mwisho?" jibu la kifaa kimoja halitoshi. Anahitaji vitano vya mwisho, kwa mpangilio.

## Kilichokuwa kinagonga

Injini ya silinda 4 haizunguki laini hata siku moja. Inasukumwa, inapumzika, inasukumwa: mara 2 kwa kila mzunguko wa kranki. Kwenye mizunguko 750 hiyo ni misukumo 25 kwa sekunde. Flaiwili nzito huimeza misukumo hiyo kwa uzito wake. Ukiipunguza uzito, kranki inaanza kwenda kwa kushtukashtuka, na mshtuko unaingia kwenye gia boksi kupitia klachi.

Ndani ya gia boksi, hata ukiwa nyutro, meno ya gia yameshikana muda wote, na kati ya jino na jino kuna nafasi ndogo. Kila mshtuko unalipiga jino dhidi ya jino. Ko-ko-ko-ko. Ukikanyaga klachi, unaitenga gia boksi na injini, na sauti inakatika hapo hapo.

Haina madhara makubwa. Pandisha sailensa kutoka 750 hadi 900 au 950, hakikisha gia boksi ina oili sahihi (Subaru ya gia 5 huchukua lita 3.5 za 75W-90 daraja la GL-5), na kama diski ya klachi uliyofunga haina springi katikati, siku ya kuibadilisha chukua yenye springi. Mlio utapungua sana. Huenda usiishe kabisa, na ni jambo la kukubali pamoja na flaiwili yenyewe.

Kipimo cha klachi kina upande wa pili, na hapa ndipo ninapotaka mtu asiharakishe. Sauti ikitokea au ikizidi *unapokanyaga*, usiseme ni gia boksi ukalala. Mlio wa kulia au kukwaruza unapokanyaga mara nyingi ni beringi ya klachi. Lakini mgongano mzito unapokanyaga unaweza kuwa metali ya kranki ya kuzuia isisogee mbele na nyuma. Klachi ngumu za magari ya nguvu huisukuma kranki kwa nguvu kubwa kila unapokanyaga, na metali hiyo ndiyo inayobeba. Mwambie mtu akanyage na kuachia injini ikiwa imezimwa, wewe tazama puli ya kranki. Kama macho matupu yanaiona ikitembea kwenda na kurudi, usiiwashe tena. Ukiwa na geji ya saa, robo ya milimita tayari ni ugonjwa.

## Na ikiwa kweli ni metali?

Basi usiendeshe hata mita 100 kwenda kwa fundi. Vuta.

Metali ya konrodi ikiisha, mlio wake ni mzito, wa ndani, kama mchi kwenye kinu cha mninga. Oili ikipata joto na kuwa nyepesi, unazidi. Husikika sana kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000, hasa pale unapoachia mafuta taratibu, mzigo ukihama kutoka upande mmoja wa metali kwenda mwingine.

Kuna vipimo 3 vya kufanya injini ikiwa bado ndani ya gari.

Cha kwanza ni kuinyima silinda moja mafuta kwa kuchomoa plagi ya umeme ya nozeli yake, ile inayopuliza petroli. Usichomoe koili, maana petroli isiyoungua itaosha oili kwenye kuta za silinda. Ukichomoa na mlio ukapungua ghafla, umeipata silinda. Usipopungua kwa silinda yoyote kati ya 4, shaka yako juu ya metali ipungue. Gari la Ipuli lingejibu hivyo hivyo, kwa dakika 10.

Cha pili ni presha ya oili, kwa geji ya mshale iliyofungwa mahali pa swichi ya oili. Taa ya dashibodi haitoshi, inawaka mambo yakiwa yamekwisha haribika. Kwa EJ, oili ikiwa na joto la nyuzi 80, kiwango cha chini ni bar 1 kwenye mizunguko 600 na bar 3 kwenye mizunguko 5,000.

Cha tatu ni kuipasua filta ya oili. Ikate kwa mkasi wa bati. Msumeno utamwaga vumbi lake la chuma ndani, nawe utaogopa kitu ulichokileta mwenyewe. Nyoosha karatasi ya filta juani. Pitisha sumaku: chuma kitanasa, metali haitanasa. Vumbi la fedha linalometameta na lisilonaswa na sumaku ndilo la kuogopa. Kama injini ilishafungwa metali za mashindano zenye tabaka la shaba, ukiona rangi ya shaba ujue tabaka la juu limekwisha.

Nafasi ya oili kati ya metali na kranki ya konrodi za EJ, ambayo kipenyo chake ni milimita 52, ni kama 0.05 ya milimita au pungufu. Fikiria hilo, kisha fikiria vumbi jekundu la Tabora mwezi wa Agosti upepo ukivuma, na bloku iko wazi chini ya mwembe.

Injini nzima iliyofunguliwa bila sababu inaweza kurudi ikiwa mgonjwa.

## Mlio ninaouogopa zaidi

Watu wanauogopa mchi kwenye kinu. Mimi naogopa zaidi mlio mdogo, ule wa changarawe zikitikiswa ndani ya kopo, unaokuja sekunde 2 ukipanda mlima kwa gia ya 4 kisha unapotea. Mafuta yanalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Huo mlio ndio unaovunja kingo za pistoni kati ya ringi na ringi, na ndio unaozitwanga metali mpaka zinakufa. Mara nyingi mchi ni matokeo, changarawe ndiyo chanzo.

Magari haya mengi yalitoka Japani yakiwa yamepangwa kutumia petroli ya daraja la juu, ambayo vituo vya kule huuza ikiwa na oktani (kipimo cha petroli kutolipuka yenyewe) karibu 100. Petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, hujitahidi kurudisha moto wa plagi nyuma, lakini mtu akishaongeza boosti, presha ya hewa ya tabo, kwa mkono, nafasi hiyo ya kujitahidi inakwisha.

Halafu kuna uchakachuaji. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yanachanganywa humo, na mafuta ya taa yanashusha oktani vibaya sana. Mafuta ya kwenye madumu njiani hayana wa kuyakagua. Ukilazimika kuyatumia kwenye safari ya Kigoma, weka lita za kukufikisha tu, na uendeshe bila kuiamsha tabo.

Jambo la mwinuko watu wengi hawalihesabu. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo wa takriban bar 0.88. Geji ya boosti ikisoma bar 1, ndani ya manifodi kuna 1.88. Dar es Salaam geji hiyo hiyo ina maana ya karibu 2. Kijana anahisi gari limepungua nguvu, anakaza boosti ili kufidia. Tabo sasa inazunguka kwa kasi zaidi kupata hewa ile ile, na hewa inatoka imechemka zaidi. Hewa ya moto, petroli ya oktani ndogo, mlima. Changarawe.

Kuusikia mlio huu kwa sikio tupu, huku bomba likinguruma, ni bahati. Tengeneza masikio ya shaba. Nunua kwa mafundi friji nusu mita ya bomba la shaba la milimita 8. Gonga ncha moja kwa nyundo iwe bapa sentimita 3, toboa tundu, ifunge kwa boliti kwenye bloku karibu na sensa ya kugonga. Ncha ya pili vika mpira mwembamba wa mita 3, upitishe mpaka ndani ya gari, uuchomeke kwenye kikombe cha vifunika masikio vya mashine ya kusaga. Mmoja aendeshe, mwingine asikilize. Ukiwa Kigoma, ule mpando wa kutoka stesheni kwenda Mwanga unafaa: injini ya moto, gia ya 3, anza kwenye mizunguko 2,000, kanyaga nusu, kisha ongeza kidogo kidogo. Changarawe ya kwanza ikisikika, achia mafuta. Huhitaji kuisikia mara ya pili.

Kama una programu ya kuchambua sauti, kuna hesabu ya kujua uitafute wapi: chukua nusu ya upana wa silinda kwa milimita, zidisha kwa 3.14, kisha gawanya 900 kwa jibu hilo, upate kilohezi. EJ20 ina upana wa milimita 92, kwa hiyo karibu kilohezi 6.2. 1JZ, injini ya Toyota, ina 86, karibu kilohezi 6.7.

Dawa zake zinafuatana hivi: shusha boosti, badilisha mafuta, angalia kama nozeli na pampu ya mafuta zinatosha, weka plagi za ubaridi zaidi daraja moja, halafu ndiyo umrudie aliyekutyunia, yaani aliyepanga kompyuta ya injini.

## Midogo inayotisha bure

Tik-tik ya asubuhi inayopungua injini ikipata moto mara nyingi ni gasketi ya manifodi au stadi iliyokatika: chuma kikitanuka, ufa unajiziba. Tafuta masizi meusi kwenye maungio. Bati la kuzuia joto lililooza linalia kwenye mizunguko fulani tu, 2,200 kwa mfano, na klipu ndefu ya chuma inalimaliza. Bomba linalogusa chini ya bodi hugonga unapokanyaga mafuta tu, kwa sababu injini inajipinda. Paka udongo mbichi sehemu unayoishuku, endesha, kisha angalia kama umekwanguliwa.

Pistoni za kufuliwa, yaani za kupondwa badala ya kumiminwa kwenye kalibu, zikiwa baridi hugonga kuta za silinda, maana aloi yake hutanuka sana na hufungwa kwa nafasi kubwa zaidi. Kama mlio unaisha injini ikifika joto la kazi, zipe muda wa kupata moto kabla ya kukanyaga.

Kikaza mkanda wa taiming hakimo kwenye kundi hili, ingawa mlio wake asubuhi ni mdogo vile vile. Mkanda ukiruka meno kwenye EJ ya tabo, valvu zinakutana na pistoni.

Na anayekuambia utie oili nzito ya 20W-50 na chupa ya dawa nzito ili kunyamazisha mlio, anakuuzia ukimya wa wiki moja.

## Kuirudisha

Injini ya Ipuli ilirudishwa na metali zake zile zile, kila moja mahali pake, baada ya kila tundu la oili kwenye kranki kuoshwa kwa petroli na kupulizwa kwa kompresa mara 2. Nusu za bloku ziliunganishwa kwa silikoni nyembamba kama uzi, kwa sababu inayozidi hujikamulia ndani na kwenda kuziba chujio la bomba la kunyonyea oili. Bomba hilo lenyewe, ambalo kwenye EJ linajulikana kwa kupasuka kwenye ungio lake, likawekwa jipya.

Kabla ya kuwasha, fundi alichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta akapiga stata sekunde 10, akapumzika, akarudia, mpaka mshale wa presha ukanyanyuka. Ndipo akarudisha fyuzi.

Ikawaka. Ko-ko-ko-ko, vile vile kama mwanzo.

Kijana akaweka mguu kwenye klachi, akaikanyaga mpaka chini. Kimya. Akaiachia, mlio ukarudi. Akafanya hivyo mara 4 au 5, dirisha likiwa wazi, huku mzee wa malori akiwa ameinamisha kichwa anasikiliza naye.

Kisha wakaipandisha sailensa mpaka 900.

Filta ya oili ilipangwa kukatwa baada ya kilomita 50.